Moto wa Uvunguni

Masika haya alikufa mzazi pale Dimani, yeye na kichanga chake, ndani ya chumba kilichofungwa vizuri kama wanavyotaka wenyewe. Nilifika maiti zimekwisha kutolewa. Wanawake walikuwa wamekaa uani, mmoja anasema jini, mwingine anasema kijicho cha mke mwenzie, na mimi sikukaa nao. Niliingia chumbani nikainama, maana mtaka cha mvunguni sharti ainame. Chini ya kitanda palikuwa na kigae kikubwa cha mtungi uliovunjika, na ndani ya kigae mkaa uliofunikwa jivu. Haukuwa na moshi hata chembe. Kilichonuka ni kamba za kitanda tu, zilizoanza kubabuka kwa chini, ile harufu ya ukindu unaoungua bila kuwaka.

Harufu hiyo naijua. Ilinikuta nikiwa mtoto, meno ya mbele yameng'oka na mapya hayajachomoza, siku za vita vya Maji Maji. Nilipotoa kichwa uvunguni pale Dimani nilikibeba kile kigae nikakivunjia uani, na nguvu ninazo, maana mzee bado sijawa. Ni hasira. Nyinyi wa rika langu, ambao sasa ndio mnaoitwa kuwaangalia mabinti na wakamwana wakijifungua, haya nawaandikia nyinyi. Kalamu sikuizoea. Nilisoma chuo cha Kurani kidogo, vita vikaja, mwalimu akakimbia, basi. Lakini jambo hili nimelinyamazia hadi limenichoka.

Sisi kwetu Umwe. Mto ukijaa tulihamia madunguni, vile vibanda vya juu ya miti wanavyokaa watu kuamia ndege na nguruwe wasile mpunga. Mimi mwenyewe nilizaliwa dunguni. Sakafu ya dungu ni fito zilizopangwa. Ukilala unaona maji yanapita chini, na upepo unakupanda mbavuni usiku kucha. Bibi, mama yake baba, alikuwa akisema watoto wa dunguni hawaugui kifua kwa kuwa upepo wamekula naye sahani moja. Mimi aliniita mke mwenzangu, kama bibi zetu wanavyowatania wajukuu wa kike, na kwa kuwa babu alikuwa amekufa zamani, tulikuwa wajane wawili tunaopendana.

Aliyetuharibia ni Akida Mbaruku, aliyetutawala kwa niaba ya Mdachi. Namtaja kwa jina, kwa sababu wajukuu zake wanapita hapa Kibiti ninapokaa sasa wakisema babu yao alikuwa mtu wa haki. Mtu wa haki alimlaza baba yangu kifudifudi mbele ya mama yangu akamtandika viboko kwa ajili ya pamba. Pamba yenyewe ya Mdachi, tunailima huku mpunga wetu unaliwa na nguruwe. Walipokuja hongo, ndivyo walivyoitwa wale watu waliotembeza dawa ya maji vijijini, mgongo wa baba ulikuwa bado haujakauka. Wangemwambia ameze moto, angemeza.

Aliyewakaribisha hongo ni kaka yake baba, Baba Mkubwa Matimbwa. Wanaume walinyunyiziwa uani kwake. Niliyaona maji yenyewe, maji ya mtoni, yako ndani ya kibuyu na punje za mtama. Baba Mkubwa akasema risasi za Mdachi zitageuka maji, mradi kila mtu ashike miko, na mwiko mkubwa ni kutomkaribia mke. Wakaondoka kwenda kusini milimani, baba akiwa miongoni mwao, na tangu hapo sikumwona tena. Baba Mkubwa hakwenda. Alisema mlinzi wa dawa hatoki penye dawa.

Habari zilipoanza kurudi, zilirudi na majina ya waliokufa. Risasi hazikugeuka kitu. Na mtu aliyewaapia watu dawa ile akawa hapiti njiani bila kutazamwa na wajane. Akahitaji mtu wa kumtwisha. Mama alikuwa na mimba kubwa.

"Dawa haikosi," Baba Mkubwa akasema siku moja, anachonga mpini wa jembe, hamtazami mtu. "Dawa hukosewa."

"Na nani?" Bibi akamwuliza.

"Wenye matumbo wanajua."

"Matimbwa! Tumbo hili limewatangulia hao hongo wako. Au mimba nayo ilitakiwa isubiri kunyunyiziwa?"

"Nani aliyehesabu, mama?"

"Mimi. Na wewe nilikuhesabia vilevile, mbona hukuuliza?"

Mama alikuwa akitwanga. Niliona mchi umesita hewani, kisha ukashuka. Mimi nilidhani mwiko ni mdudu, mfano wa nyuki: ukimvunjia nyumba anakukasirikia, anakufuata popote uendapo mpaka akuume. Nikawa natazama juu ya paa kila ninapopita chini yake.

Askari walikuja Umwe asubuhi, mbele yao mtu wa Akida Mbaruku akionyesha kwa fimbo: nyumba hii, ghala lile. Mpunga ukiungua hunukia kama chakula, na hilo ndilo lililoniliza, kwamba nilisikia njaa huku naukimbia moto wa nyumba yetu. Tukaingia mtumbwini, Baba Mkubwa anapiga kafi, na ndani Bibi, mama, mimi, na Bi Somoye, mkunga wa Umwe, aliyechukuliwa kwa kuwa siku za mama zilikuwa zimekaribia. Bibi alikataa kumwacha kuku wake aliyekuwa akiatamia. Akampakia ndani ya tenga pamoja na mayai yake.

"Watu wanaacha nyumba, wewe unabeba kuku," Baba Mkubwa akamwambia.

"Huyu angalau yuko juu ya anachokilinda," Bibi akajibu.

Njia nzima nilikuwa nachungulia chini ya magoti ya watu, nione kama mwiko umepanda nasi.

Tukashuka na mto hadi kwenye mikoko, chini ya kijiji cha Mtunda, tukaingia nyumba ya wakata boriti waliokimbia vita. Ilikuwa nyumba ya udongo, vyumba viwili. Cha ndani kilikuwa na dari ya boriti iliyokandikwa udongo, walipokuwa wakiweka vyakula vyao visilowe. Nje waliacha tanuri la mkaa wa mkoko limefunguliwa nusu, mkaa mwingine umeiva, mwingine ndani bado ni mti.

Humo mama akajifungua, mtoto wa kiume, sauti nene. Nyinyi mnajua mzazi wetu anavyowekwa. Hukandwa kwa maji ya moto, hulazwa kitanda cha kamba, na uvunguni huwekewa moto, joto limpande mgongoni nyonga zipate kurudi. Upepo haumgusi mpaka arobaini. Hayo ni ya wazee wetu na mimi siyatukani. Bibi alioteshwa moto hivyo, na mama aliponizaa mimi alioteshwa hivyohivyo. Lakini wao walioteshwa dunguni, vijiti vya kuni vinafuka, na fito za sakafu zinapitisha pumzi yote ya mto.

Pale mikokoni Baba Mkubwa alikataza kuni. "Moshi ni kidole," alisema. "Ukipanda juu ya mikoko, askari anajua pa kuja." Katika hilo hakukosea, nampa haki yake. Akasema tutumie mkaa, mkaa hauna moshi. Kisha akachota udongo wa ufinyanzi kando ya mto akaanza kukiziba chumba cha mama. Akaziba nyufa. Akaziba dirisha, tundu lenyewe kama sinia. Akaziba pale ukuta unapokutana na dari, ambapo kila nyumba hupumulia. Mlangoni akatundika jamvi juu ya jamvi. Bi Somoye akasimama mikono kiunoni, amefurahi.

"Hiki sasa ndicho chumba cha mzazi," akasema. "Hapa hata mbu akitaka kuingia atabisha hodi."

Akajaza mkaa kwenye kigae, akaufunika jivu ili udumu kutwa, akausukuma uvunguni. Mimi nilikatazwa kuugusa, moto wa mzazi ni wa mkunga. Nilijilaza kifudifudi nikautazama tu. Uzuri wake! Moto niliouzoea ulikuwa mgomvi, unatoa watu machozi, unawakohoza. Huu ulikuwa kimya, macho mekundu chini ya jivu, hausemi na mtu. Nikaona kumbe moshi ndio ubaya wa moto, kama pumba katika mchele. Sasa wameupepeta, umebaki wema mtupu. Ndio utoto huo, lakini wakubwa wangapi niliowakuta tangu siku ile wana akili hiyohiyo!

Leo nikiitwa penye mzazi, mtoto simtazami kwanza. Nauliza mkaa umewashiwa wapi. Uwashwe nje, ukae nje hadi pasibaki kipande cheusi wala kile kinachofuka kwa kuwa moyoni bado ni mti. Jivu la kuudumisha silitaki. Na hata ukiwa mwekundu wote bado si rafiki, kwa hiyo natafuta matundu, moja chini ya mlango na jingine juu karibu na dari, na sitaki kuambiwa yapo: naweka kiganja hapo mpaka nisikie upepo unapita. Mzazi akitaka kulala, moto unatoka, haulali naye. Halafu namwuliza habari ya kichwa. Akisema kinamgonga, sina swali la pili, nakibeba kigae nakimwaga uani, wenye nyumba wakasirike wakitaka. Wamenibandika jina, Bibi Matundu. Na waniite.

Mwanzoni mama alionekana amenawiri. Uso umemwiva kwa joto, unang'aa, na Bi Somoye akajisifu kwa ajili hiyo. Kisha kichwa kikaanza. Mama alisema ni kama mtu anatwanga ndani ya utosi wake. Akawa anatapika. Akawa ananyanyuka kumchukua mtoto, akifika nusu amesahau alichonyanyukia. Asubuhi, Bi Somoye akiyafunga majamvi juu ili aingize maji ya kukandia, mama alizungumza vizuri, akinicheka mapengo yangu, ananiambia nipige mluzi. Jua likipinda, majamvi yameshushwa, alinitazama kama mtoto wa jirani.

"Ni ule mwiko," Baba Mkubwa akasema barazani, kwa sauti ya kusikika ndani. "Umewapata wanaume, sasa umemfikia mwenyewe."

Mama alimsikia. Akageukia ukutani. "Pengine ni kweli," akaniambia, maneno yanatoka moja moja. "Pengine baba yako anakufa huko kwa ajili yangu."

Hapo nikaapa kuutafuta mwiko niuue. Sikuwa na shauri jingine. Nilichukua fimbo nikapekua kila pembe ya chumba kile, nyuma ya mitungi, juu ya boriti za mlango, kisha nikaingia uvunguni. Nikiwa nimeinama huko, kichwa kikaanza kunigonga mimi pia, utosini palepale, na miguu ikalegea. Nikatoka nikatapika nje. Nikakaa ukingoni, miguu ndani ya tope, natazama kaa wakiingia na kutoka kwenye mashimo yao, na kichwa kikapoa. Nikarudi ndani, kikaanza. Nikatoka, kikapoa. Niliingia na kutoka hivyo mpaka Bi Somoye akaniuliza kama nimepandwa na shetani. Nikajua sasa: mwiko unakaa uvunguni, na nje haufiki. Jina nililikosea. Mahali sikukosea.

Halafu kuku akafa. Tenga lake lilikuwa limewekwa kando ya kitanda apate joto. Tulimkuta juu ya mayai yake, shingo imelala ubavuni, hana jeraha. Nilimgeuzageuza nikitafuta alama za meno, nisione kitu.

"Mnaona?" Baba Mkubwa akasema. "Umeanza na kuku."

"Kuku naye?" Bibi akamweka yule kuku mapajani. "Kavunja mwiko na nani? Jogoo tulimwacha Umwe."

Bi Somoye akacheka, akajiziba mdomo, akacheka tena. Hata mama kitandani alitoa sauti kama kicheko. Baba Mkubwa peke yake hakucheka.

"Mama, haya si ya mzaha."

"Nani kafanya mzaha? Nauliza. Ndege huyu hana mume hapa, hana vita, hakunyunyiziwa maji ya mtu. Kafa kwa nini?"

"Bibi," nikasema, "mle uvunguni kunaumiza kichwa. Mimi nimeingia. Ukitoka nje kinapona."

"We mtoto, wakubwa wanasema!" Baba Mkubwa akanikaripia.

"Mwache mke mwenzangu aseme," Bibi akajibu, na alipokwisha kunisikiliza akaingia mwenyewe akakaa kitako kando ya kitanda. Alikaa. Alipotoka alikuwa ameshika kipaji cha uso. "Matimbwa, fungua lile dirisha."

"Sifungui. Upepo utamwua, na mwanga ukionekana tutauawa sote."

"Mchana huu, mwanga gani?"

"Sifungui, mama. Mwanamume aliyebaki hapa ni mimi."

Na Bi Somoye akamwunga mkono. "Bibi, mzazi hapigwi upepo. Mimi nimezalisha Umwe nzima, leo nifundishwe kazi na mtoto kibogoyo?"

Bibi akamchukua yule kuku akaenda kumfukia. Mtumbwi ulikuwa wa Baba Mkubwa, panga la Baba Mkubwa, na sisi wengine tulikuwa wanawake katikati ya mikoko. Sikumlaumu siku ile, wala leo simlaumu.

Ikaja siku ya mvua iliyonyesha tangu alfajiri bila kupumua. Makuti yalilowa yakawa mazito kama ngozi. Kwa ile baridi Bi Somoye akaongeza mkaa, ule ulioiva nusu, kwa kuwa mzuri ulikuwa umekwisha, akaufunika jivu, akashusha majamvi, akaenda kujilaza chumba cha nje. Mimi nilikuwa nakinga maji ya mvua mchirizini. Adhuhuri ilikuwa imepita nilipomwita mama kutoka mlangoni, kama nilivyozoea, anijibu niondoke. Hakujibu. Nilisikia mkoromo, na haukuwa mkoromo wake, ulikuwa wa mtu aliyekabwa koo.

"Baba Mkubwa, mama haitiki."

"Mwache alale. Usingizi ni dawa."

Nikainua jamvi. Akanikamata mkono akanivuta nje. "Unamwingizia upepo!"

Sikulia. Nilizunguka nyumba. Mchi ulikuwa umeegemea ukutani pale penye kinu cha wale wakata boriti, mrefu kunipita mimi. Nikauburuta hadi nyuma, palipokuwa na dirisha, ambapo udongo wa Baba Mkubwa ulikuwa umelainika kwa ile mvua, nikaukamata kwa mikono yote nikapiga. Udongo uliumeza mchi. Nikauchomoa nikapiga tena, na tena, tope linanirukia machoni, mpaka lile donge likaangukia ndani. Hewa iliyotoka ilinipiga uso, ya moto, nzito. Haikunuka kitu ila zile kamba zinazobabuka.

Baba Mkubwa akaja mbio na panga. "Mtoto karogwa! Anatuua!" Akaushika mchi. Nikaukatalia. Aliponinyang'anya nikamng'ata mkono, kwa meno ya pembeni, maana ya mbele sikuwa nayo, na nikang'ang'ania mpaka nikaonja chumvi ya damu yake. Huko mbele, mlango aliokuwa akiulinda amekwisha kuuacha. Bibi aliyakwanyua majamvi yote kwa pamoja, akaingia, akamkamata mama kwapani akamburuta hadi barazani, akamlaza mkekani chini ya mchirizi. Kisha akamrudia mtoto.

Mtoto alikuwa mwekundu, mzuri, kama aliyetoka kunyonya akashiba. Bibi akampuliza kinywani, akamsugua kwa maji ya mvua, akampigapiga nyayo. Hakurudi. Siku ya kumpa jina ilikuwa haijafika.

Mama alikuwa anapumua, lakini macho yako wazi na hayaoni. Mvua ilikuwa inamrukia miguuni. Bi Somoye alitoka usingizini akapiga kelele, "Upepo, jamani! Upepo utammaliza! Mrudisheni ndani!" Na Baba Mkubwa akaja na mkono wake unaotoka damu, akausimamia mkeka wa mama.

"Mtoto amekwisha kulipa," akasema. "Huyu akikaa nje kabla ya kafara atalipa naye. Arudi ndani, mimi nizibe lile tundu."

Akainama aukamate mkeka. Bibi akakaa kitako juu ya mkeka huo, palepale miguuni pa mama.

"Matimbwa, unasema si moto."

"Si moto."

"Ni mwiko."

"Ni mwiko, mama. Watu wote wanajua."

"Na wewe hukuuvunja."

"Mimi? Nimeushika tangu siku ya kwanza!"

"Vizuri. Basi ingia wewe. Kitanda kipo, mkaa upo haujazimika. Tundu la mtoto nitaliziba kwa mikono hii, na majamvi nitayashusha. Lala mle hadi nimalize kumkanda mkamwana wangu. Ukitoka unazungumza, nitamrudisha ndani mwenyewe na radhi nitakuomba mbele yake."

Baba Mkubwa akautazama mlango. Damu ilikuwa inamdondoka kidoleni; akaipangusa kwenye shuka.

"Alasiri inanipita, mama."

"Kasali humo ndani. Kibla ni kilekile."

Akautazama mlango tena. Niliyaona macho yake, nilikuwa chini nikiyatazama kutoka upande wa chini, na mtoto akiwa chini huona mengi. Kisha akaokota panga lake. "Nakwenda kuangalia mtumbwi," akasema, akashuka kwenye mvua. Bibi hakumcheka wala hakumwita. Watu wengi wameniambia Matimbwa hakujua, wazee wa zamani hawakuyajua mambo ya mkaa. Asiyejua angeingia. Leo kaburi lake linasomewa hitima kama la shujaa aliyeleta dawa, na wanaosoma wananitaka nami nitoe mchele. Sitoi.

Bi Somoye aliingia chumbani bila kuambiwa, akatoka na kigae amekishika kwa upindo wa kaniki, akakimwaga kwenye mvua. Mkaa ulilia kama paka. Akasimama anautazama ukiwa mweusi. Yeye nimemsamehe nusu.

Mvua ilikuwa inapungua mama alipoanza kuona. Macho yake yalizunguka, yakanifikia, yakakaa. Mkono wake ukapapasa ubavuni, upande aliokuwa akimlaza mtoto, ukapapasa mkeka, ukasimama.

"Mtoto?"

Bibi akageuza uso. Bi Somoye akaanza, "Mwenyezi Mungu ndiye…" akashindwa kuendelea.

"Ni ule mwiko?" mama akauliza. "Ni mimi?"

Nikayaona macho yake yameanza kuondoka, yanarudi kulekule yalikotoka. Kama angeachwa na lile swali, asingekaa. Nilijua hivyo kama nilivyojua njaa. Nikapiga magoti nikamshika mashavu kwa mikono yangu ya tope.

"Si wewe, mama. Si baba. Ni moto wa uvunguni. Umemwua kuku, umemwua mtoto, ulikuwa unakuua na wewe."

"Nani kakwambia?"

"Kichwa changu."

Akavuta pumzi. "Nani aliziba?"

"Baba Mkubwa Matimbwa."

"Nani aliuweka?"

"Bi Somoye." Bi Somoye alikuwa palepale, akajifunika uso kwa kaniki.

"Na kwetu, nani alitutoa?"

"Akida Mbaruku."

Mama akafumba macho, nami nikadhani sasa anakwenda. Midomo ilikuwa inamchezacheza. Nilipoinamisha sikio nikamsikia anayarudia majina yale matatu, polepole, kama mtu anayejifunza aya ili asiisahau. Kisha akafumbua macho.

"Niinueni," akasema. "Na mnipe uji."